Jogoo Hajawika

Simu ya fundi makochi ilikuwa na kila kitu isipokuwa mtandao. Saa ilikuwemo, ingawa bado ilifuata majira ya kule walikotoka. Tochi ilikuwemo. Picha za makochi yote aliyowahi kuyavalisha zilikuwemo, pamoja na kochi moja ambalo mwenyewe hajalifuata mpaka leo. Lakini kule juu pembeni, penye vile vijiti vya mtandao, palikuwa na maneno mawili tu, hakuna huduma, na fundi alikuwa akiyasoma tangu basi lilipovuka mpaka.

Jioni hiyo alikuwa amesimama juu ya kitanda, mkono umenyooka, akiipitisha simu karibu na dari kama anayepaka chokaa. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja walichokuwa nacho, bado na sare yake ya uuguzi, viatu kavivua, akingoja kitanda kirudi kwenye kazi yake ya kawaida.

"Fundi, shuka," akasema. "Mtandao si popo. Haukai darini."

Fundi akasema kwamba pale karibu na balbu kulikuwa na dalili. Mkewe akamuuliza dalili ya nini. Alikuwa na haki ya kuuliza. Wiki moja kabla ya kusafiri, huyu mwanamke alimsihi apite ofisi ya kampuni ya simu, awaombe wamfungulie laini itumike nje ya nchi, na awaulize kama simu yenyewe inakubali laini za watu wengine. Fundi alikwenda, akaona foleni, akarudi. Alisema simu ni simu. Alisema ameinunua kwa jasho lake, haiwezi kumtupa kwa sababu ya kuvuka kizuizi kimoja cha barabarani na askari mmoja mwenye usingizi.

Sasa alikuwa ameelimika. Huduma ile hufunguliwa ukiwa bado kwenu, si ukishaondoka. Namba ya kuomba msaada hupigika bure kabisa, ila kutoka kwenye laini yenye mtandao. Na simu yenyewe, ambayo aliipata kwa bei nafuu akajisifu mtaa mzima, ilikuwa imefungwa isifanye kazi na laini ya kampuni nyingine yoyote. Alipoitia laini mpya ya nchi hii, iliandika kwamba haiitambui, ikazima kioo.

Haya yote angeyavumilia. Mkewe alikuwa na simu yake na laini mpya, na kazi iliyowaleta huku ilikuwa ya mkewe; yeye alikuwa amefuata, akapata kibarua kwenye karakana ya samani. Kilichomnyima raha ni kwamba Alhamisi mama yake alitakiwa kupasuliwa jicho.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. La kushoto lilikuwa limeshafunga duka. La kulia lilikuwa bado linaweza kutofautisha mlango na ukuta, si kila siku. Madaktari wa macho walikuwa wakija hospitali ya kule kwao mara moja kwa mwaka, wakikaa siku chache na kuondoka, na safari hii mama alikuwa amepata kitanda baada ya fundi kuwanyenyekea watu ambao kwa kawaida asingewasalimia. Mama alikubali kwa sharti moja. Kabla ya mtu yeyote kumgusa jicho, mwanawe ampigie simu, amwambie kwa mdomo wake, nenda. Alisema haogopi kisu, hata kidogo. Ni utaratibu tu. Fundi, mtoto wake wa pekee, alijua kwamba mama anaogopa sana, akaahidi.

Ahadi ilionekana nyepesi kwa sababu palikuwa na jogoo.

Jogoo huyo alikuwa kwenye simu ya mama, kile kisimu chake cha vitufe. Kwa kuwa mama haoni jina la anayepiga, fundi alimwekea mlio wa peke yake: fundi akipiga, anawika jogoo. Wengine wote, kengele ya kawaida. Halafu, siku ya kuagana, akamfunda. Matapeli walikuwa wamewavua watu wengi pale mtaani, wakijifanya watoto wao walioko mbali. Kwa hiyo fundi alikaa na mama yake mchana mzima akimkaririsha. Mtu akikupigia akasema ni mimi, na jogoo hajawika, huyo ni mwizi. Hata akilitaja jina la baba. Hata akilijua kovu langu. Hata akilia, mama, hasa akilia. Na mtu yeyote atakayetaka kuishika simu yako eti aitengeneze, huyo ni mwenzao. Mama akarudia maneno yote bila kuacha hata moja. Fundi aliondoka na moyo mweupe, akijiona mtu mwenye akili sana.

*

Jumapili akampigia kwa simu ya mkewe.

"Mama, shikamoo."

Kule upande wa pili kengele ya kawaida ndiyo iliyokuwa imelia.

"Wewe nani?"

"Ni mimi, mama. Mwanao."

"Ahaa," mama akasema, kwa raha ya mtu ambaye mgeni wake amechelewa lakini hatimaye amefika. "Umekuja. Mwanangu aliniambia utapiga."

Fundi akacheka kwanza. Akaeleza kwamba simu yake imegoma, kwamba hii ni ya mkewe, kwamba huku waliko mambo ya simu ni tofauti. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba aliambiwa atasema anatumia simu ya mtu. Fundi akataja jina la marehemu baba yake. Mama akamwambia amelitaja vizuri, na kwamba hilo nalo aliambiwa. Fundi akaeleza kovu la gotini, lilivyopatikana, nani aliyelisafisha, nani aliyechapwa baadaye. Mama akasema hakika mna njia zenu.

"Mama, sina nia mbaya. Nataka tu kukwambia uende Alhamisi."

"Unajua na Alhamisi," mama akasema, na hapo sauti yake ikashuka kwa hofu ya kweli. "Mnataka nitoke nyumbani ili mje mbebe nini? Viti?"

Fundi hakuwa mtu wa kulia, lakini kumsikia mama yake anamwogopa kulimpiga pabaya, sauti ikamkatika. Mama aliposikia hivyo alipata nguvu mpya. Akasema kilio nacho alikuwa anakisubiri. Baada ya hapo hakukata simu. Alimshikilia makusudi, akamuuliza kama ana mama, akamuuliza kama mama yake anajua kazi anayofanya, akamshauri. Alisema ni bahati mbaya kijana mwenye matamshi safi namna ile kuishia kwenye utapeli wakati angeweza kusoma taarifa ya habari. Mwanangu mimi, akasema, angekuwa na ulimi ulionyooka hivyo, asingekuwa fundi makochi.

Salio likaisha. Kesho yake mtaa mzima kule nyumbani ulikuwa na habari kwamba bibi wa watu, asiyeona, amemaliza vocha ya tapeli wa kimataifa.

*

Karakana ilikuwa na sakafu ya rangi, na mistari ya njano inayoonyesha mahali pa kutembea. Fundi alikuwa bado anaizoea. Kazi aliijua usingizini. Ila hapa aliajiriwa kuifanya kwa namna ya watu wengine.

Kule kwao, fundi makochi hula misumari. Anajaza gao la misumari midogo mdomoni, ulimi unaisukuma mmoja mmoja mpaka midomoni, kichwa kikitangulia, mkono unaupokea na nyundo inaupiga kabla mwingine haujafika. Mkono wa pili unabaki huru kuvuta kitambaa. Fundi alijifunza hivyo akiwa kijana, na tangu hapo mdomo wake ulikuwa mtupu wakati wa kula na kulala tu. Alipatana bei na misumari mdomoni. Aliposa na misumari mdomoni, au karibu, maana ilikuwa siku ya kazi na mchumba alipita ghafla.

Siku yake ya kwanza hapa, msimamizi wa karakana, bwana mmoja mwembamba mwenye kofia ngumu hata akiwa chooni, alimwona, akapuliza filimbi. Mashine zote zikanyamaza. Akaja mpaka alipo, akamwekea kiganja chini ya kidevu kama mtu anayemtoa mtoto pipi aliyookota, akamwambia ateme. Fundi akatema, wafanyakazi wote wakitazama. Ilichukua muda, kwa sababu ilikuwa mingi. Kisha akakabidhiwa bastola ya pini inayosukumwa na hewa, akaambiwa huku misumari haipiti mdomoni mwa mtu, ni sheria.

Tangu siku hiyo fundi alijihisi hana kazi mdomoni. Maneno yake yakaanza kutoka mazima mazima, na hata mkewe alikuwa hajazoea. Alimwambia siku hizi anaongea kama amevaa tai. Hata hivyo nyundo yake na kifuko cha misumari aliendelea kuvibeba kwenye begi kila asubuhi, akavirudisha jioni, bila kuvitoa.

Jumatatu hiyo wenzake walimkuta wakati wa mapumziko amepanda juu ya rundo la sponji, simu juu. Mmoja akauliza anatafuta nini. Fundi akasoma kioo chake kwa sauti, akiwa hana hila, na kuanzia mchana huo jina lake pale karakana likawa Hakuna Huduma. Hata msimamizi alilitumia. Hakuna Huduma, lete kile kiti. Hakuna Huduma, umepinda mshono. Fundi aliitika, kwa sababu kiti chenyewe kilikuwa kizito na mshono kweli ulikuwa umepinda.

*

Jumanne mkewe akaja na wazo. Kule nyumbani, jirani wa mama alikuwa mwanamke mmoja muuza mkaa, mwenye sauti kubwa na moyo mwema, naye ndiye aliyepangiwa kumpeleka mama hospitali. Wampigie yeye, aende kwa mama na simu yake mwenyewe, awashuhudie, kisha achukue kile kisimu cha mama, aiweke namba mpya na mlio wa jogoo. Mambo kwisha.

Muuza mkaa akakubali mara moja. Wakamsikia akitembea, akipiga hodi, akiingia. Akaiwasha spika, akatangaza kwamba mwanao yuko hapa hewani, mama yangu, mimi mwenyewe nimemsikia, ni yeye mtupu.

Mama akamuuliza kama ni kama alivyomsikia yule mkwe wake mwaka jana.

Mwaka jana muuza mkaa alikuwa amemtumia nauli mkwe wake aliyekwama njiani, na mkwe wake alikuwa hajasafiri, alikuwa ndani kwake amelala. Mama hakumsimanga, alimpenda sana yule jirani. Alimwambia tu kwa upole kwamba huruma imemponza mara moja na sasa inataka kumponza tena. Muuza mkaa akaomba basi aguse tu simu yake, amwekee jogoo. Wakasikia mkeka ukikwaruzwa: mama alikuwa amesogea mpaka ukutani, simu kaitumbukiza kifuani.

"Aliniambia," mama akasema polepole, "atakayetaka kuishika ndiye mwenzao. Nisingedhani ni wewe."

Mke wa fundi akaona afadhali aingilie. Akamwamkia mkwewe, akamwita mama mzuri, akamwomba kwa hisani yake awasikilize. Alikuwa na sauti ya wodini, ile ya kumshawishi mgonjwa ameze kidonge. Mama akasikiliza na kusema kwamba wamempata mwanamke anayemwiga mkwe wake vizuri mno, ila wamekosea jambo moja. Mkwe wake ni mtu mkavu, naye anampenda hivyo hivyo alivyo, na tangu aolewe hajawahi kumwita mama mzuri. Ilikuwa kweli.

"Sikilizeni nyote," mama akasema. "Bila jogoo hakuna mtu atakayeniwekea mkono jichoni. Hicho kitanda wampe mwingine."

Muuza mkaa alitoka nje, akaizima spika. Akawaambia alichoambiwa na muuguzi wa kule: asiyefika Alhamisi asubuhi, kitanda kinakwenda kwa mwingine, na jicho la kulia la mama halitangoja mwaka mwingine. Akaaga akiwa analia, maana ameitwa mwizi na mtu anayemchotea maji.

Fundi akakaa kitandani akashika tama. Mkewe alikuwa na maneno mengi juu ya foleni moja fulani kwenye ofisi fulani ya simu, akayatazama yote kichwani mwake, akayaacha. Badala yake alimuuliza kwa nini alimfunda mama kiasi kile.

"Nilitaka asidhulumiwe," fundi akasema. "Sikuacha hata mlango mmoja wazi. Hata wangu."

Akalala chali akiitazama dari ile ile aliyokuwa akiipandishia simu. Aliogopa. Aliona mama yake ataingia gizani akiwa amekaa wima, anajivunia kumsikiliza mwanawe.

*

Jumatano alipotoka kazini akaenda kwa fundi simu. Duka lilikuwa kwenye kona, dogo, lina kioo mbele na benchi moja la wateja lililopasuka likatoa sponji kila upande. Mwenye duka alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na alikuwa anazibadilisha hizo mbili bila kuonekana kwamba moja inamfaa kuliko nyingine. Akaichukua simu, akaitia laini mpya, akaona ilivyozima kioo, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Hii ya kwao kabisa," akasema. "Imeolewa. Haitaki mume mwingine."

Akasema inafungulika. Akataja bei, na fundi akauliza kama bei hiyo ni pamoja na simu mpya. Mwanamke akamrudishia simu yake kwa adabu. Fundi hakuondoka. Alikuwa akilitazama lile benchi, na mikono yake ilikuwa imeanza kuwasha. Akamwambia mwenye duka kwamba yeye ni fundi makochi. Mwenye duka akamtazama kwa miwani ya machoni, kisha kwa ile ya kichwani, akamuuliza ni fundi kweli au anajisikia tu. Fundi akapiga goti, akaingiza vidole viwili chini ya ngozi ya benchi, akamwambia aliyelitengeneza mara ya mwisho alikuwa na haraka na hakuwa na rula. Mwenye duka akakiri kwamba alikuwa shemeji yake. Wakapatana.

Basi kila mmoja akashika kazi. Mwanamke akaifungua simu, akaiunganisha na kompyuta yake, akaanza kubonyeza. Fundi akalivua benchi, akapanga sponji, akatandaza ngozi mpya ambayo mwenye duka alikuwa ameiweka stoo kwa siku ambayo shemeji yake angerudi. Alipoona pale hapana msimamizi, hapana filimbi, hapana mstari wa njano, akatoa kifuko chake kwenye begi, akachota gao la misumari, akajaza mdomo. Alijisikia amerudi kwao.

Huku akifanya kazi alisimulia yote, kwa maneno yaliyotafunwa ambayo mwenye duka aliyapata nusu nusu. Alisema simu ikishafunguka tu, shida imekwisha. Anapiga kwa simu yake mwenyewe, ile ile mama anayoijua, na jogoo anawika.

Mwanamke akaacha kubonyeza.

"Jogoo anafuata namba, baba, hafuati simu," akasema. "Laini yako ya zamani haipo hewani. Ukipiga na hii mpya, hata kwa simu hiyo hiyo, kule itakuwa kengele."

Nyundo ikakaa juu. Fundi hakuwahi kufikiria hivyo. Mlio ule alikuwa amesaidiwa kuuweka na binti wa dukani kule kwao, na siku zote aliona kana kwamba jogoo anatoka ndani ya simu yake, anasafiri, anafika kwa mama. Alikuwa ameikumbatia simu hii juu ya vitanda na juu ya marundo ya sponji kwa jambo ambalo halikuwemo ndani yake. Patano ni patano. Akainama, akaendelea kupiga misumari, harakaharaka, kwa sababu mwanamume mwenye mdomo uliojaa misumari hawezi kulia vizuri, na hilo lilimsaidia.

Mwenye duka akamaliza. Vijiti vinne vikasimama kule juu pembeni, vizuri kama askari wa gwaride. Akamwonyesha, fundi akatikisa kichwa bila kugeuka. Akauliza ampigie nani kuijaribu. Fundi akafanya ishara ya mkono kwamba yeyote, haidhuru. Mwanamke akafungua orodha ya namba, akabonyeza ya kwanza juu, akaweka spika, kama anavyofanya kwa simu zote.

Ya kwanza juu ilikuwa ya mama.

"Nani?" sauti ya mama ikajaa dukani.

Mwenye duka akasema kwa sauti ya biashara kwamba wanajaribu mtandao tu.

"Sasa mmekuwa wangapi?" mama akasema. "Jumapili mwanamume, jana mwanamke, leo mwanamke mwingine. Mna ofisi? Mwamtumia jirani yangu wa watu, mmenigombanisha naye, tangu jana hajanisalimia. Nimekaa hapa peke yangu na Alhamisi ni kesho. Mwacheni mwanangu apige. Mnamzibia njia. Mwacheni apige."

Haikuwa sauti ya kumwogopa tapeli tena. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja. Fundi akainuka kutoka kwenye benchi, nyundo mkononi, na akamjibu hapo hapo, akiwa amesahau kabisa kilichomo mdomoni. Alisema maneno mengi. Alisema mama ni mimi, alisema nisamehe, alisema habari za laini na foleni na kizuizi cha barabarani. Mwenye duka hakuelewa hata neno moja. Alisikia mngurumo na vyuma vikigongana na meno. Msumari mmoja ukaanguka sakafuni, ukalia.

"Mara ngapi," mama akasema, "nimekukataza kuongea na mimi una misumari mdomoni? Siku moja utaimeza. Toa."

Fundi akatema yote kiganjani, machozi yakimtiririka, akafuta mdomo.

"Mama, ni mimi," akasema, kwa sauti safi.

"Nani huyo tena?" mama akashtuka. "Umempeleka wapi mwanangu?"

Fundi akairudisha misumari mdomoni haraka, akasema hayupo mwingine, ni yule yule. Mama akashusha pumzi ndefu. Akasema sasa namsikia. Akauliza kwa nini jogoo hakuwika, na fundi akaeleza tena kwa kunguruma, na mama akaelewa kila kitu, hata sehemu ya popo na dari. Akacheka. Kisha akaacha kucheka, na akasema kwa sauti ndogo ambayo mwenye duka aliisikia akaanza kujitia anatafuta miwani.

"Naogopa, mwanangu. Watanitoa jicho nikiwa macho."

Fundi akamwambia hawatalitoa, watalisafisha tu. Akamwambia mkewe ni muuguzi na amemwapia kwamba haiumi. Akamwambia akirudi nyumbani ataona sura ya muuza mkaa na kumwomba radhi akiwa anamtazama. Halafu akasema lile neno alilokuwa amelibeba tangu mpakani, akalisema kwa misumari yote.

"Nenda, mama."

"Haya," mama akasema. "Kesho nitakwenda. Nilikuwa nakungoja wewe tu."

Wakaagana. Fundi alikuwa ameshanyoosha kidole kukata mama alipomwita tena, na sasa sauti yake ilikuwa imerudia ukali wake wa kawaida.

"Na hiyo namba unayoitumia, uwe nayo macho. Kama ni hizi namba za huko huko, basi kuna tapeli mmoja naye yuko huko. Jumapili alinipigia akijifanya wewe. Ana sauti nzuri, kasoma yule, mimi mwenyewe kidogo aniingie. Ukikutana naye, umshike."

Fundi akaahidi kwamba atamtafuta. Kisha akarudi kwenye benchi, maana upande mmoja ulikuwa bado.